Uniti Moja, Debe Moja

Mwaka wa kumi na moja naandika hesabu za mashine hii,
Pasua, nyuma ya gereji ya Kileo,
katika madaftari yenye unga katikati ya kurasa.
Safu ya kwanza, mshahara wa Anaeli.
Ya pili, mikanda, nyundo, chekeche.
Ya tatu, kodi ya banda na soda ya mkaguzi.
Aliyeifanya kazi yenyewe namwandika chini kabisa:
"Mengineyo."

Hana jina, hana mkono.
Huja kwa tarakimu ishirini
ninazozibonya huku wateja wamenyamaza
kama wazazi wanaosubiri matokeo ya darasa la saba.
Taa nyekundu. Kijani.
Mota inaguna, inapata sauti,
vumbi la mahindi linatupanda mpaka kwenye nyusi.

Nimepima, kwa udadisi tu:
uniti moja, debe moja.
Haizidi sana, haipungui sana,
labda mahindi yawe hayajakauka.
Bibi yangu Aikaruwa, kule Kibosho,
debe la ulezi lilimla siku mbili.
Jiwe juu, jiwe chini, magoti ardhini.
Tulipomwosha mara ya mwisho
magoti yake yalikuwa na sugu ngumu kama kwato.
Nilizigusa.
Sikujua bado kwamba nagusa uniti.

Baba alianza na maji:
gurudumu la mbao kwenye mfongo, na zamu.
Jumatatu wa ng'ambo, Jumatano sisi,
Alhamisi migomba inywe.
Kamati ikikukuta umezibua usiku, mbuzi wako ameondoka.
Nguvu ilikuwa na ratiba, na majirani, na ugomvi;
ulipoitumia ulijua ni nani siku hiyo hana.

Kisha tukashuka mjini na dizeli.
Silinda moja, tu-tu-tu, mtaa mzima ukijua tumefungua.
Kileo aliitibu ile injini kama ng'ombe wa maziwa
na kwa maradhi yake akaezeka nyumba bati la rangi.
Siku mafundi walipovuta fezi tatu hadi nguzo yetu
alikuja, akasimama mlangoni, akaisikiliza mota.
"Hii hata haipumui," akasema.
Mwezi ule ule akaanza kuziba pancha.

Mota yenyewe tuliipata mnadani,
walipokifunga kiwanda cha magunia.
Ina kibao cha shaba: 14.
Mama aliitambua kwa sauti kabla hajakiona kibao.
"Ya chumba cha kusokota hiyo.
Ilikuwa inanibembeleza zamu ya usiku, nikijichoma na sindano nisilale."
Pale iliamsha watu mia tatu, honi saa kumi na mbili,
baiskeli zikajaa barabara.
Hapa inatuamsha wawili.
Chuma ni kile kile, mzunguko ni ule ule.
Mama akikaa nje ya banda huwa anainamisha kichwa kidogo,
na mimi simuulizi.

Leo umeme umekatika saa tatu na robo.
Madebe kumi na manane kwenye foleni,
wenyewe wameyakalia.
Anaeli anapangusa mashine ambayo ni safi,
kisha anaipangusa tena,
maana kibarua asiyeonekana akitoroka
anayeonekana ndiye hujiona mvivu.
Saa saba. Saa nane na nusu.
Nimefungua daftari, nimechora safu mpya kwa rula,
nimeandika tarehe, na chini yake:
Umeme. Hakuja kazini.

Foibe wa kona amechoka kungoja.
Amejitwika debe lake, anajifunga kanga upya.
"Basi leo kande," anasema, "kande haisagwi."
Hatua tatu, akageuka,
akalitazama lile rundo la kuni la jirani
jinsi lilivyobaki dogo.
"Ila inakula moto, we dada. Inakula moto."